Darubini za angani za mabilioni ya dola: hii hela ya walipa kodi inaenda mahali sahihi au?

Mleta mada:

Wakuu habari, naleta huu mjadala kwa sababu Marekani wanajipanga kujenga darubini nyingine kubwa ya angani, inaitwa Habitable Worlds Observatory, kazi yake itakuwa kutafuta sayari zinazofanana na dunia yetu na kupima hewa yake kuona kama kuna dalili za uhai. Jopo la wanasayansi lililotoa mapendekezo mwaka 2021 lilikadiria dola bilioni 11 na kuruka ni miaka ya 2040 huko. Bilioni 11 za kodi, na ukifuatilia historia ya hizi darubini, bei ya kwanza huwa haifiki mwisho wa safari ikiwa ile ile. Kwa hiyo swali ni la haki kabisa na asiwepo wa kumwambia mwenzake hajasoma kwa sababu kauliza.

Msimamo wangu nauweka mapema. Zinafaa, naamini hivyo kwa dhati. Ila nina ugomvi na namna zinavyouzwa kwa wananchi, na huo ugomvi kwangu ni mzito kuliko hata bei yenyewe.

Chukua darubini ya angani ya James Webb. Miaka ya 1990 wazo linaanza, bei iliyotajwa ilikuwa kati ya nusu bilioni na bilioni moja, na ingeruka 2007. Imeruka tarehe 25 Desemba 2021 kwa roketi ya Ariane 5 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na upande wa NASA, shirika la anga la Marekani, peke yake gharama imefika karibu dola bilioni 10, Ulaya wakaweka karibu euro milioni 700 na Kanada wakaweka karibu dola milioni 200 za kwao. Yaani mara kumi na zaidi ya kile watu waliambiwa mwanzo. Hapo katikati, 2011, kamati ya Baraza la Wawakilishi ilipendekeza mradi ufutwe kabisa, ukaokolewa na Seneti, hasa seneta Barbara Mikulski wa Maryland, na Maryland ndiko kuliko na kituo cha NASA cha Goddard kilichosimamia mradi, kwa hiyo siasa za ajira nazo zilikuwepo, tusizifiche.

Na Hubble kabla yake ilikuwa hivyo hivyo. Imerushwa Aprili 1990, picha za kwanza zikatoka ukungu mtupu, kumbe kioo chake cha mita 2.4 kilisuguliwa vibaya pembeni kwa kipimo cha kama sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Kitu kidogo hivyo kiliaibisha taasisi nzima mpaka Desemba 1993 wanaanga walipopanda na chombo cha Endeavour wakaifungia vioo vya kurekebisha, na baada ya hapo wakaifuata tena mara nne, mwisho ni 2009.

Sasa tumepata nini? Mwaka 1995 mkurugenzi wa taasisi inayoendesha Hubble, Robert Williams, alichukua muda ambao ni wa kwake kuamua akaielekeza darubini siku kumi mfululizo kwenye kipande cha anga ambacho kwa macho hakina kitu. Baadhi ya wenzake walimwonya kwamba anaweza kupoteza muda wa chombo ambacho ndio kwanza kimetoka kwenye aibu. Ikatoka picha yenye karibu galaksi 3,000, yaani makundi makubwa mno ya nyota. Kabla ya hapo tulikuwa tunakisia tu ulimwengu ulipokuwa mchanga ulifananaje. Halafu Webb nayo, mwaka 2024 wakatangaza galaksi ambayo mwanga wake uliondoka miaka kama milioni 290 tu baada ya ulimwengu kuanza, na ina mwanga mkali kuliko nadharia zilivyotarajia, mpaka leo watu wanakuna vichwa.

Mimi ukiniuliza kama hiyo ina thamani ya hela nasema ndiyo, bila kusubiri mtu aniambie imeleta dawa au simu. Kujua tumetokea wapi ni jambo ambalo binadamu amelitafuta tangu aanze kutazama juu. Karibuni tujadili, hoja kwa hoja.

Mchangiaji 1:

Mleta mada nakuheshimu kwa kuweka namba wazi, wengi wanaotetea hizi mambo huwa wanaruka hapo. Lakini mimi napinga na nitasema kwa nini.

Serikali ikikata kodi kwenye mshahara wa mtu haimuombi, inamkata. Mfagizi wa ofisi anakatwa, dereva wa lori anakatwa, mama anayelea watoto peke yake kila anachonunua kina kodi ndani yake. Ukishachukua hela ya mtu kwa nguvu ya sheria basi unawajibika uitumie kwanza kwa kile ambacho huyo mtu hawezi kukipata peke yake na akikikosa anaumia. Matibabu, maji, shule, usalama. Huko Marekani kwenyewe kuna watu wanagawanya dozi ya insulini kwa sababu ya bei, na hili halijifichi. Sasa unamwambiaje huyo mtu kwamba tumeona galaksi ya miaka milioni 290 baada ya mwanzo? Ni nzuri, sikatai, nimeziangalia hizo picha na zinanigusa. Ila uzuri wa kitu haunipi haki ya kutumia hela ya mwenzangu kukinunua.

Na naomba mapema kabisa tusiletewe ile hesabu ya "ni asilimia ndogo ya bajeti". Kila matumizi mabaya duniani ukiyagawa kwa bajeti nzima yanakuwa asilimia ndogo. Hivyo ndivyo hela inavyopotea, kidogo kidogo, kila mmoja akisema changu ni kidogo. Kama wanasayansi wanaitaka hiyo darubini watafute matajiri wanaopenda nyota wachangie, darubini nyingi kubwa za zamani za Marekani zilijengwa kwa hela za matajiri na mifuko yao na astronomia haikufa.

Mchangiaji 2:

Ndugu yangu hapo juu hoja yako naielewa na inauma, lakini ina shimo moja kubwa, inadhani hela ikiondolewa kwenye darubini inatembea yenyewe kwenda kwenye insulini. Haiendi huko. Tunao mfano. Mwaka 1993 Bunge la Marekani liliua mradi wa mashine kubwa ya fizikia iliyokuwa inachimbwa Texas, Superconducting Super Collider, karibu dola bilioni 2 zimeshatumika na zaidi ya kilomita 20 za handaki zimeshachimbwa. Waliopinga walikuwa na sababu zao, bei ilikuwa imepanda vibaya. Lakini nionyeshe hospitali iliyojengwa na ile hela iliyookolewa. Nionyeshe hata maabara. Iliyeyukia kwenye bajeti kuu na Texas wakabaki na mashimo.

Hii hoja ni ya zamani kuliko sisi. Julai 1969, siku moja kabla Apollo 11 haijaruka kupeleka watu wa kwanza kutua mwezini, mchungaji Ralph Abernathy, kiongozi wa harakati za haki za raia, alienda mpaka kituo cha kurushia na familia maskini na nyumbu wanakokota mikokoteni, kuuliza swali hilo hilo lako. Mkuu wa NASA wakati huo, Thomas Paine, alitoka akaongea nao, akawaambia kwamba kama kutokubonyeza kile kitufe cha kurusha roketi kungemaliza umaskini basi wasingekibonyeza. Abernathy mwenyewe aliwaombea wanaanga wafike salama. Napenda sana ule mkutano kwa sababu wote wawili walikuwa wakweli, na wote walijua kwamba aliyeshika mfuko wa hela hakuwepo pale, yuko Washington.

Na mwaka uliofuata, 1970, mtawa mmoja aliyekuwa anafanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia mwanasayansi wa NASA Ernst Stuhlinger akimuuliza unawezaje kutumia mabilioni angani wakati watoto wanakufa njaa. Yule bwana hakumpuuza, alimjibu barua ndefu, ndani yake akamsimulia habari ya mtawala mmoja wa Ujerumani karne nyingi nyuma aliyemsaidia fundi wa kusugua lenzi wakati watu wanakufa kwa tauni, watu wakamlaumu sana, na kazi kama zile za lenzi ndizo zilizokuja kuchangia hadubini, na hadubini ndiyo iliyotuonyesha vijidudu vya magonjwa.

Asilimia umekataa, sawa, nitakupa kitu kingine. Meli moja ya kubebea ndege za kivita, USS Gerald R. Ford, imegharimu karibu dola bilioni 13. Meli moja. Kwa nini mtu akitafuta insulini haanzii huko?

Mchangiaji 1:

Mchangiaji 2 asante kwa habari ya Abernathy, sikuwa naijua kwa undani huo. Lakini ya meli sio jibu, mimi nikipinga darubini haina maana naunga mkono meli. Nipeleke na huko nitapinga vile vile.

Na ile barua ya Stuhlinger nimewahi kuisoma, ni barua ya mtu mwenye utu, ila hoja yake inanipa mimi ushindi. Anasema mpe hela fundi wa lenzi leo, kesho utapata hadubini. Hapo thamani yote umeiweka kwenye hadubini! Kama unachotaka ni hadubini basi wekeza kwenye hadubini moja kwa moja, mpe hela mtu wa kutafuta vijidudu, usizunguke kwenye nyota ukitumaini kwamba kuna kitu kitadondoka njiani. Watetezi wa anga wanafanya hivi kila siku, wanaorodhesha vitu vilivyotokana na anga kama vile visingepatikana kwa njia nyingine.

Mchangiaji 3:

Swali dogo wakuu, kwa nini isijengwe ardhini? Kule Chile Ulaya wanajenga darubini ya ELT yenye kioo cha mita 39, Webb ni mita 6.5 tu, na ile ya Chile bei yake haifiki hata robo ya Webb. Kuna teknolojia ya kunyoosha picha inayotikiswa na hewa. Sioni sababu ya kwenda juu kabisa.

Mchangiaji 4:

Mchangiaji 3 swali zuri na jibu lake ndilo linaloamua nusu ya huu mjadala. Kioo kinachobadilika umbo mara mamia kwa sekunde kinaondoa mtikisiko wa hewa, ni kweli, na kwa baadhi ya kazi darubini ya ardhini itaishinda ya angani. Lakini hewa yetu haitikisi tu, inazuia. Eksirei zote zinaishia juu, ndiyo maana sisi tuko hai, na ndiyo maana Chandra ya kuangalia eksirei lazima ikae angani, hakuna namna nyingine. Miale ya urujuanimno sehemu kubwa inazuiwa. Infraredi, yaani miale ya joto ambayo jicho haliioni, inapita vipande vipande.

Infraredi ndiyo kazi ya Webb kwa sababu mwanga wa galaksi za mbali sana umevutwa na kutanuka kwa ulimwengu mpaka umetoka kwenye mwanga wa kawaida. Shida ni kwamba kila kitu chenye joto kinatoa infraredi, hewa inatoa, jengo linatoa, darubini yenyewe inatoa, ni sawa na kutafuta kimulimuli huku umeshika tochi inakumulika machoni. Kwa hiyo wakaipeleka kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, wakaikinga jua kwa pazia la tabaka tano lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi, upande wa jua ni joto la kuunguza na upande wa kioo ni zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri, na kuna kifaa kimoja ndani kinapoozwa zaidi mpaka chini ya nyuzi 266 hasi. Hilo pazia lilikunjwa ndani ya roketi likaenda kukunjuliwa huko. Kulikuwa na vitu 344 ambavyo kimoja tu kikigoma kazi inaweza kuharibika na hakuna fundi wa kufika. Bei kubwa imetokana na hapo kwa sehemu nzuri tu, unalipia kujaribu na kujaribu tena ardhini kwa sababu huko huna nafasi ya pili.

Halafu hewa za sayari. Mwaka 2022 Webb iliona kaboni dayoksaidi kwenye hewa ya sayari WASP-39b, iko miaka ya nuru kama 700, yaani mwanga unatumia miaka kama 700 kutoka huko kufika hapa. Ukitaka kuitafuta hiyo gesi kutoka ardhini unaitafuta kupitia hewa ambayo nayo imejaa gesi hiyo hiyo. Inawezekana kwa ujanja kwa baadhi ya mambo, ila kwa sayari ndogo ya mawe yenye hewa kama yetu ni ngumu mno, na hiyo ndiyo kazi ambayo hiyo darubini mpya ya bilioni 11 inajengewa.

Kwa wale wanaotaka matumizi ya hapa chini, mwaka 2025 kulikuwa na lile jiwe la angani 2024 YR4, kuna siku za Februari uwezekano wa kutugonga mwaka 2032 ulifika asilimia 3.1. Darubini za ardhini ndizo zilizotutoa hofu, nisidanganye, lakini ukubwa wake uliopimwa vizuri, karibu mita 60, ulitoka Webb, kwa sababu kwa mwanga wa kawaida jiwe kubwa jeusi na jiwe dogo jeupe yanafanana, ila joto lake halidanganyi.

Mchangiaji 5:

Mimi naunga mkono darubini za angani ila napinga HIZI kubwa. Naona mnabishana kama chaguo ni mbili tu, bilioni 10 au sifuri.

Darubini ya Kepler ilirushwa 2009, kama dola milioni 600, imetupatia sayari zaidi ya 2,600 zilizothibitishwa na ndiyo iliyotufundisha kwamba sayari ni nyingi kweli kweli huko nje. TESS iliyoifuata ilipewa kikomo cha dola milioni 200 bila kuhesabu roketi na bado inafanya kazi. Gaia ya Ulaya imechora ramani ya karibu nyota bilioni 2, kila mtu wa astronomia anaitumia, na wananchi wengi hawajawahi hata kuisikia jina kwa sababu haitoi picha za kuweka ukutani. Hizo zote tatu ukizijumlisha hazifiki hata robo ya Webb.

Darubini kubwa inakula ndogo. Jarida la Nature mwaka 2010 liliiita Webb darubini iliyokula astronomia, na waliosema hayo hawakuwa maadui wa sayansi. Kila ilipochelewa ilihitaji hela, na hela ilitoka kwenye mfuko ule ule wa sayansi, kwa hiyo mtu mwenye wazo zuri la milioni 300 anaambiwa subiri, na anasubiri mpaka anastaafu. Hao waliosubiri hawaonekani kwenye picha yoyote. Na hatari yake je? Wajapani walirusha darubini yao ya eksirei, Hitomi, Februari 2016, ndani ya wiki chache ikaanza kujizungusha kwa makosa ya mfumo wa uelekeo mpaka ikakatika vipande. Iliuma sana, lakini walijipanga wakarusha mbadala wake, XRISM, mwaka 2023. Webb ingekatika vile nani angethubutu kuomba tena bilioni 10? Tungekaa miaka 30 bila kitu.

Mchangiaji 6:

Niongeze kidogo hapo kwa Mchangiaji 5. Mwaka 2012 idara ya Marekani inayosimamia setilaiti za ujasusi iliwapa NASA darubini mbili ambazo ilikuwa haizihitaji tena, kioo chake mita 2.4, sawa na Hubble. Zilikuwa zimekaa stoo. Moja ndiyo imetumika kujenga darubini mpya ya NASA inayoitwa Roman, ambayo itaona eneo la anga kubwa mara mia kuliko Hubble kwa picha moja. Na hiyo hiyo Roman, rais aliomba ifutwe kwenye bajeti tatu mfululizo, Bunge likakataa mara zote tatu. Mimi nikiliwaza hili swali la kodi hurudi hapo, upande wa ujasusi walikuwa na mbili za ziada na hakuna aliyeitisha mjadala.

Mchangiaji 2:

Hapo Mchangiaji 6 umesema kitu. Ila Mchangiaji 5 kuna kazi ambazo ndogo haziwezi hata ukizirusha mia. Kioo kidogo hakikusanyi mwanga wa kutosha na hakitenganishi sayari na nyota yake. Kepler ilihesabu sayari, haikuweza kunusa hewa ya hata moja iliyo kama dunia. Ukitaka jibu la kama kuna uhai huko utalipia kioo kikubwa, leo au kesho.

Mleta mada:

Nimesoma yote, nijibu kwa kadri nilivyoguswa, sio kwa mpangilio.

Mchangiaji 1, kwenye suala la hadubini nakubaliana na wewe asilimia mia na nadhani watetezi wenzangu wanajiumiza. Ni kweli kamera za Hubble zilisaidia vipimo vya saratani ya matiti, ni kweli hesabu zilizotungwa kulinganisha picha za nyota sasa zinatumika kumtambua papa potwe mmoja mmoja kwa madoa yake, hata Wi-Fi ina mkono wa wanasayansi wa Australia waliokuwa wanatafuta mawimbi ya redio ya mashimo meusi. Ni mambo mazuri na ya kweli. Lakini kama hiyo ndiyo sababu basi umeshinda, nenda kanunue vipimo vya saratani moja kwa moja. Darubini inabidi isimame kwa kazi yake.

Na inasimama. Wewe unasema kodi iende kwanza kwa kile mtu hawezi kukipata peke yake. Nani anaweza kujipatia peke yake jibu la umri wa ulimwengu? Tajiri akijenga, data ni ya tajiri. Za Hubble ziko wazi, za Webb zinafunguliwa kwa wote, zikichelewa sana ni mwaka mmoja, na mtafiti wa nchi yoyote anaruhusiwa kuomba muda wa kuitumia. Makala za kisayansi zilizotokana na Hubble zimepita 20,000. Ugunduzi wa 1998 kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, uliopata Nobel 2011, ulitoka kwa vikundi viwili vilivyotumia darubini za ardhini na Hubble kwa pamoja, na hakuna kampuni ingelipia hiyo kwa sababu hakuna cha kuuza pale. Maktaba za umma pia zinalipwa kwa kodi ya mtu asiyesoma, na watoto wake ndio wanaozikuta. Mgonjwa wa insulini ana haki yake na namtetea, ila yeye pia ni binadamu anayetazama juu, sipendi tunapomchukulia kama tumbo na mshipa tu.

Sasa pale ninapowasha moto ni huku. Mwaka 2010 jopo huru lililochunguza Webb lilisema wazi kwamba kiufundi kazi ilikuwa nzuri, tatizo lilikuwa bajeti na usimamizi, bajeti iliyopitishwa 2008 haikuwa na akiba ya kutosha tangu mwanzo. Yaani watu walijua kazi ni ngumu wakaandika namba inayopitishika. Halafu Bunge likaweka kikomo cha dola bilioni 8, na 2018 kikavunjwa, ikaonekana mafundi wa mkandarasi walisafisha vali kwa kimiminika kisicho sahihi, waya wa jaribio ukafungwa vibaya ukapeleka umeme mwingi, na skrubu za kifuniko cha pazia zikalegea kwenye jaribio la sauti kali zikadondoka. Makosa ya binadamu ya namna hiyo yakaongeza kama dola milioni 600 na mwaka mmoja na nusu. Mwananchi aliyelipa haya alikuwa na haki ya kukasirika na hakuna picha ya galaksi inayofuta hiyo haki. Na waliosubiri anaowataja Mchangiaji 5 nao walidhulumiwa na namba ile ile ya uongo, kwa sababu kama tangu 1996 ingesemwa ni bilioni 8 au 9 na miaka 25, wangepangiwa foleni yao kwa haki.

Na kuna upande wa pili ambao unaniudhi vile vile. Chandra ilirushwa 1999, bado inafanya kazi, kuiendesha ni chini ya dola milioni 70 kwa mwaka, halafu kwenye bajeti ya 2025 wakapendekeza kuishusha mpaka kama milioni 41. Chombo ambacho hakuna kingine cha namna yake angani, kilicholipiwa tayari! Mnatumia mabilioni kukifikisha kule halafu mnabana milioni 27 za kukisikiliza. Mtu anayelia na gharama za darubini aanze kulia hapo, maana huo ndio upotevu wenyewe.

Kwa hiyo kwa hii mpya mimi nataka mambo mawili tu. Namba ya kweli yenye akiba ndani yake kabla ya kura, hata kama itatisha wabunge, na hela ya kuiendesha iandikwe humo humo tangu siku ya kwanza. NASA wamesema wanataka iweze kuhudumiwa na roboti huko huko iliko, hilo zuri, maana Hubble imeishi kwa sababu ya kufuatwa.

Mchangiaji 1:

Umenisogeza kwenye suala la data kuwa wazi, hilo la tajiri kumiliki nalikubali. Kwenye mgonjwa hujanisogeza, na sidhani utanisogeza, kwangu mtu aliye hai leo anatangulia.

Ila nikuulize na ujibu bila kona. Kuna sheria ya Marekani ya 2005, mradi wa NASA ukizidi gharama iliyopangwa kwa asilimia 30 unatakiwa usimame isipokuwa Bunge liuidhinishe upya. Hiyo darubini yako ya bilioni 11 ikizidi asilimia 30, utasema isimame au utakuja hapa na picha nzuri kutuambia tuvumilie?

Mleta mada:

Bila kona. Ikizidi kabla vioo havijaanza kutengenezwa, isimame, irudi mezani, hata ikichukua miaka kumi mingine. Ikizidi wakati chombo kimeshafungwa na kinasubiri majaribio, nitasema imalizwe, kwa sababu hapo kusimama ni kutupa kilicholipwa kama walivyofanya Texas, lakini walioandika namba ya kwanza waitwe mbele ya kamati waeleze moja moja. Kwa Webb hilo la pili lilifanyika nusu nusu, taarifa zilitoka, na wengi walibaki kwenye nafasi zao.

Mchangiaji 5:

Na anayesubiri na wazo lake la milioni 300 yeye analipwa vipi hapo? Hilo bado hujalijibu.

Mleta mada:

Mfuko wake utengwe kisheria, kubwa isiruhusiwe kuugusa ikizidi bei. Ikikosa hela ichelewe yenyewe. Najua wenye darubini kubwa hawatalipenda hilo.